TAHADHARI: Fundi anayepaka rangi injini za malori ya zamani "bila kushusha", kanibadilishia stata na nozeli

Wadau habari zenu. Hii ni kwa wenye malori ya zamani, Bedford, Leyland, Fiat za kale na hata wenye Land Rover 109, tafadhali someni mpaka mwisho maana kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya madereva na wenye magari akitangaza kazi ya kupaka rangi injini bila kuishusha kwenye gari, siku 2 umemaliza, rangi ya kuhimili moto, picha kabla na baada. Mimi nimeshalizwa tayari, kanibadilishia stata (mota ya kuwashia injini) na nozeli (zinazopuliza dizeli ndani ya injini). Jina lake na namba siweki hapa kwa sababu nina RB (namba ya taarifa ya polisi) na kesi ipo polisi, lakini nitaeleza anavyofanya ili akija kwako umjue kwa kazi yake.

Lori lenyewe ni Bedford TJ la marehemu baba. Alilinunua likiwa limeshatumika, akalitumia miaka mingi sana kubeba ndizi na machungwa kutoka Matombo kuja Morogoro mjini, baadaye likawa la mchanga na matofali, na alipofariki likakaa nyuma ya nyumba kuku wanatagia ndani. Mwaka jana nikaamua kulifufua. Si kwa biashara kubwa, nilitaka tu litembee, maana TJ zilianza kutoka mwaka 1958 pale Dunstable Uingereza na General Motors walishauza hiyo biashara ya malori ya Bedford tangu 1987, kwa hiyo kifaa orijino ukikipoteza leo unakwenda kukitafuta kwenye gari lililochinjwa, na mwenye nalo anajua shida yako, bei anakutajia anayotaka. Shikeni hapo kwenye vifaa, ndipo ubaya wote ulipo.

Injini ilikuwa nzima. Ilipigwa ovahoo baba akiwa hai na ikawaka bila kusumbua baada ya kubadilisha oili, filta na betri. Shida ilikuwa muonekano na kutu, bloku imejaa oili ya miaka iliyoganda na vumbi mpaka huoni bolti, halafu vizibo vya maji pembeni vimeanza kutoa kutu. Nikaona nipake rangi kabla kutu haijala, na sikutaka kushusha injini kwa sababu winchi sina na kitu kinachofanya kazi vizuri sipendi kukigusa. Hapo ndipo nikaliona tangazo lake.

Alikuja na kijana wake mmoja, mtu mpole, anaongea vizuri, ananiita kaka kaka, akaikagua injini akaniambia hii ni dhahabu kaka, usikubali mtu aishushe. Bei laki 3 na nusu, nusu kabla, rangi yake mwenyewe. Akanionyesha kopo lina karatasi imeandikwa inahimili nyuzi 650. Nikamtumia hela kwa simu hapo hapo. Na hapa nakiri sikuangalia vizuri zile picha zake, kwa sababu nilipoziangalia baadaye kwa utulivu, ile injini ya "baada" ipo kwenye stendi, gia boksi haipo, yaani imeshushwa, wakati yeye anachouza ni kupaka bila kushusha. Picha ya mtu mwingine kabisa.

Siku ya kazi akafunga turubai kuzunguka mbele yote ya lori, kuanzia bampa mpaka milangoni. Akasema rangi hii haitaki vumbi wala upepo, na moshi wake ni mbaya kwa mapafu, kwa hiyo watu wa nyumbani wasisogee. Mimi nikaona mtu yuko makini. Nikaenda kwenye shughuli zangu siku zote 2, mama ndiye alikuwa anawapelekea chai, na anasema kila akifika na vikombe kijana anatoka nje ya turubai kumpokea, hakuwahi kuona ndani. Anasema pia alisikia spana muda mwingi kuliko alivyosikia kompresa, ila angejuaje.

Nilivyorudi jioni ya siku ya pili, wadau, sitadanganya, ilipendeza. Injini yote kijani inang'aa, bloku, hedi, sampo, stata, alternata, pampu, mabomba, vyote rangi moja kama imetoka kiwandani. Nikammalizia hela yake na elfu 20 ya soda juu.

Wiki ya kwanza harufu na moshi kwenye manifodi ya ekzosi. Nikampigia, akasema kaka hiyo ni rangi inajipika, kawaida, ikaushe. Kweli rangi halisi za moto zinahitaji kupikwa kwa joto ili zishike, ndiyo maana nikamwamini. Wiki ya pili kwenye manifodi ikaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka, na kwenye bloku chini ya hedi ukigusa na ukucha inatoka ganda zima na nyuma yake oili mbichi, yaani hakuosha, alipaka juu ya oili. Halafu asubuhi lori likaanza kugoma kuwaka, stata inazunguka kivivu na kukwaruza, likiwaka linatoa moshi mweupe mzito na injini inagonga mpaka ipate joto. Lori hilo hilo ambalo kabla ya rangi nilikuwa nawasha kwa mara moja!

Nikamwita fundi wetu wa siku zote, mzee aliyekuwa anamtengenezea baba. Hakufungua kitu kwanza. Aliinama upande wa stata, akachukua sarafu ya mia mfukoni akaanza kukwangua rangi juu ya mwili wa stata taratibu, sehemu kama ya kidole gumba, akakwangua tena pembeni yake, akanyamaza. Akaniambia mwanangu, hii stata siyo ya baba yako. Baba alikuwa na tabia ya kuweka alama kwa tindo kwenye kila kifaa cha thamani, herufi K, ya jina lake. Ile stata ya CAV (kampuni iliyoitengeneza) ilikuwa na K yake, yule mzee alikuwepo inachongwa. Hii haikuwa na K wala kibati cha CAV, kuna matundu 2 tu ya rivet yamefunikwa na rangi. Tukaitoa: nyuzi za bolti zinang'aa safi, zimefunguliwa juzi, na waya mkubwa wa betri umebanwa kichwa kipya wakati wa zamani ulikuwa umechomewa risasi.

Nozeli tukazipeleka kwa fundi pampu na nozeli akaziweka kwenye mashine. Kati ya 6, 4 zinadondosha matone badala ya kupuliza ukungu. Ni mbovu, za kutupwa, na zimepakwa rangi nzuri juu.

Sasa mnaona mchezo wenyewe. Rangi siyo kazi yake, rangi ni blanketi. Akishapaka kila kitu rangi moja huwezi kujua kipi kilikuwa chako, alama zimefunikwa, vibati vimefunikwa, kutu ya zamani uliyoizoea kwa macho imepotea, na ukiona kitu kipya unasema aah kwa sababu ya rangi. Na "bila kushusha" ndiyo sababu yenyewe, kwa sababu ukishusha injini unaipeleka gereji na kule kuna watu, wakati kwako nyumbani anafunga turubai anabaki peke yake na vifaa vyako.

Na ile rangi? Kopo waliliacha, mama akalichukua akapandia mchaichai. Mvua iliponyesha ile karatasi ya nyuzi 650 ikalowana ikabanduka, chini yake kopo lenyewe limeandikwa rangi ya mafuta ya mbao na chuma. Rangi ya mageti. Kwenye bloku hiyo inaweza kukaa muda kwa sababu maji ya injini huwa nyuzi 80 mpaka 90 tu, lakini manifodi ya ekzosi ya dizeli ikipanda mlima na mzigo, moshi unaopita mle unafika nyuzi 400 na zaidi, rangi ya geti itakaa vipi? Na alichonikera zaidi, alipaka mpaka brida ya injini (tundu la kutolea presha ya ndani) ikaziba nusu, presha ikakosa pa kutokea, oili ikaanza kusukumwa kwenye sili ya nyuma. Namba ya injini nayo kaifunika na rangi nzito kama asali, na mnajua namba hiyo ipo kwenye kadi ya gari, siku ukitaka kuuza au ukikaguliwa wakaona imefunikwa unaanza kuulizwa maswali ya wizi kwenye gari la baba yako mwenyewe.

Nisieleweke vibaya, kupaka rangi injini ikiwa kwenye gari inawezekana kabisa, sasa hivi nimeirudia mwenyewe na yule mzee na nimejua kazi ilivyo. Ni kazi ya kuosha. Rangi yenyewe ilichukua saa chache, kusafisha kulichukua siku 4. Kwanza unatoa waya za betri, maana ukiwa unakwangua na chuma karibu na stata ukigusisha utaona moto. Injini iwe imepoa kabisa, chuma cha bloku na manifodi kikiwa na moto hakipendi maji ya baridi ghafla, kinapasuka, na pampu ya dizeli usiimwagie maji baridi injini inaunguruma maana inaweza kukamata. Unafunga nailoni kwenye alternata, stata, mdomo wa hewa na viunganishi vya waya. Kwenye TJ tulitoa grili na rejeta tukapata nafasi nzuri mbele. Oili iliyoganda tuliilainisha kwa dizeli na brashi, tukakwangua kwa kisu butu na brashi ya waya, tukaosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara 3, ikakauka, halafu mwisho kabla ya rangi unafuta kila mahali kwa kitambaa cheupe chenye thina. Kitambaa kikitoka cheusi hujamaliza. Mzee aliniambia futa mpaka kitambaa kibaki cheupe, na kuna kona moja nyuma ya pampu nilifuta nusu siku nzima. Na petroli msitumie kuoshea, mvuke wake unatambaa chini na cheche moja tu inatosha.

Halafu praima nyembamba, rangi ya injini mikono 2 myembamba kwa brashi ndogo zile za shilingi elfu 2, maana ndani ya boneti kupuliza kunachafua waya, mipira na feni belti. Manifodi tuliiacha bila rangi kabisa, tumesafisha kutu basi. Brida, dipstiki, nipo za grisi, mapezi ya rejeta na kibati chochote hatukugusa.

Kwa hiyo ukitaka kumpa mtu kazi hii, piga picha kila kifaa kabla, karibu, kibati na namba zake, mbele ya huyo fundi akuone unapiga. Weka alama yako sehemu isiyoonekana. Akisema anatoa stata au nozeli ili rangi ifike nyuma, sawa, ni sababu ya kweli, lakini avitoe wewe upo na vikae ndani kwako mpaka avirudishe. Rangi nunua mwenyewe dukani kopo limefungwa. Na usilipe hata shilingi ya kazi ya kupaka kabla hujaona chuma kitupu, mwambie akishaosha akuite uje upitishe kitambaa chako cheupe, fundi wa kweli atafurahi, tapeli atakuwa na safari siku hiyo. Akifunga turubai, fungua uingie.

Na wanaonunua malori ya zamani, hii inawahusu pia. Injini ya gari la miaka ya 70 inang'aa kuanzia hedi mpaka sampo, usifurahi haraka. Iwashe nusu saa ipate moto kabisa, chukua tochi uangalie chini ya hedi, pembeni ya vizibo vya maji na maungio ya gia boksi, kwa sababu rangi mpya inaficha unyevu wa oili kwa wiki 1 au 2 tu, na ufa wa bloku uliozibwa puti hauonekani mpaka joto lipande. Kwangua kidogo kwenye namba ya injini. Mwenye gari akikukatalia kukwangua sehemu ya sentimita 1, rudi nyumbani na hela zako.

Yule bwana simu yangu hapokei tena, nikimpigia kwa namba ngeni akisikia Bedford anakata. Watu 2 wameshaniandikia kwamba kuna mtu wa turubai kawafanyia hivyo hivyo, mmoja Leyland yake imebadilishwa alternata. Kama na wewe yamekukuta niandikie inbox nikuunganishe tuongeze maelezo kwenye RB.

Na ombi langu kubwa kwa mafundi umeme na wauza spea used popote mlipo: stata ya CAV ya Bedford, kwa juu upande wa mkono wa kulia ukiishika kwa kibati, ina herufi K iliyochongwa kwa tindo, mguu mmoja wa K ni mfupi kwa sababu tindo iliteleza. Huenda imeshapakwa rangi, kwangua uangalie. Ukiiona naomba uniambie, nitainunua kwa bei yako, nataka irudi kwenye lori la mzee.