Uzoefu wangu na moduli za plaiwudi zilizokatwa kwa leza: uwanja wa kushanti wa sm 180

Seti niliyoitumia ni ya moduli mbili za plaiwudi ya mm 6, kila moja sm 90 kwa sm 30, kutoka karakana moja ndogo inayokata kwa leza. Kazi niliyoikusudia ni uwanja wa kushanti (kupanga na kupangua mabehewa) wa treni ndogo za mfano za HO, yaani kipimo cha 1:87, upana kati ya reli mm 16.5. Kwa kifupi, mbao ni nzuri, mgawanyo wake ndio wenye kasoro. Ukiruhusiwa kuchagua vipimo, agiza moja ya sm 120 na nyingine ya sm 60. Urefu wa jumla ni uleule, ila kiungo cha moduli kinahama mahali pabaya kinakwenda mahali pasipo na shida.

Ramani ni Inglenook, iliyobuniwa na Mwingereza Alan Wright. Ina njia tatu za kulaza mabehewa, pointi mbili (pale njia moja ya reli inapogawanyika mbili), na njia moja ya kuvutia mabehewa upande wa pili. Njia ndefu inabeba mabehewa 5, zile fupi 3 kila moja, na njia ya kuvutia inabeba kichwa (injini) pamoja na mabehewa 3. Unakuwa na mabehewa 8, unachagua 5 kwa kura, kisha unayapanga kwenye njia ndefu kwa mfuatano uleule ulioangukia. Mifuatano inayowezekana ni 6,720. Ugumu wote umo kwenye urefu wa njia. Njia ya kuvutia ikimeza behewa la nne, fumbo limekwisha ladha. Ikipungua hata sm 2, kichwa na mabehewa yake matatu havivuki ndimi za pointi, zile reli mbili zinazosogea, na pointi haigeuki.

Kwa hiyo pima mabehewa yako yakiwa yameunganishwa, usitegemee namba za kwenye boksi. Behewa la Kimarekani la futi 40 pamoja na viungio vyake huchukua kama sm 16, na kichwa kidogo cha kushanti hivyohivyo. Pointi za kampuni ya Peco, aina ya Streamline, za ukubwa mdogo, SL-E91 ya kulia na SL-E92 ya kushoto, zina urefu wa sm 18.5. Baada ya pointi unahitaji kama sm 10 zaidi kabla njia mbili hazijaachana vya kutosha mabehewa yasikwaruzane. Anza kuhesabu kutoka ukingo wa kushoto: sm 2 za kizuizi, sm 64 za kichwa na mabehewa matatu, pointi ya kwanza kuanzia 66 hadi 84.5, nafasi ya kuachana hadi 94.5, halafu sm 80 za mabehewa matano. Unafika 174.5, weka kizuizi, imebaki sm 3 na kitu. Pointi ya pili ikifuata papo hapo inakaa kati ya 84.5 na 103, na njia fupi zinaishia 161.

Sasa tazama kiungo cha moduli za 90 kwa 90: kinapita tumboni mwa pointi ya pili. Pointi haikatwi katikati. Njia ya kulikwepa hilo ni kuisogeza hadi ianzie sm 93. Hapo njia fupi zinaishia 169.5, bado mnatosha, lakini sasa njia mbili zinavuka kiungo, na moja inavuka ikiwa imekaa mshazari wa nyuzi 12 hivi. Reli inayovuka kiungo mshazari ndiyo ya kwanza kupotoka mbao zikicheza. Kwa mgawanyo wa 60 na 120, njia inayovuka ni moja tu, imenyooka, na pointi iko sm 6 mbali.

Kasoro ya pili ni mbavu za chini. Zimepangwa kila sm 22.5, na ya tatu inaangukia 67.5, yaani karibu kabisa na kile kijiti kinachosogeza ndimi za pointi ya kwanza. Mota ya kugeuzia pointi kwa chini haiingii hapo. Kata nusu ya kina cha ubavu huo kabla ya gundi, ukishagundisha utajuta. Au achana na mota kabisa: pointi za Peco zina springi ndani inayoshikilia ndimi upande uliozisukuma, na kwenye uwanja wa sm 30 kidole kinafika kila mahali.

Kuunganisha mbao zenyewe hakuna taabu. Panga kwanza bila gundi, piga msasa masikio yanayokaza, halafu tumia gundi nyeupe ya mbao. Pima pembe kwa pembe: ubao wa 90 kwa 30 ukiwa mraba sawasawa, vipimo vyote viwili vinatoa sm 94.9. Vikitofautiana kwa milimita 2, sukuma sasa hivi, gundi haisubiri. Jambo ambalo karatasi ya maelekezo haikulisema: gundisha moduli mbili zikiwa zimefungwa pamoja kwa bolti, pini za shaba za kulenganisha zikiwa ndani ya matundu yake. Ukigundisha kila moja peke yake, nyuso mbili zinazokutana zinaweza kupishana kidogo, na kupishana kwa nusu milimita juu ya reli kunatosha kumwaga behewa. Bolti zilizokuja ni za M6 na washa nyembamba zinazozama kwenye plaiwudi. Nunua washa pana.

Kwa walio pwani, Mombasa au Dar, paka vanishi pande zote mbili, mikono miwili, pamoja na kingo. Ubao uliopakwa juu tu unavuta unyevu kwa chini na kujikunja, na plaiwudi ya mm 6 haina ubishi wa kutosha.

Reli. Vipande vinne vya reli ya kupinda ya Peco, kila kimoja mm 914, vinatosha na chenji inabaki. Kwenye kiungo usilaze reli mbili zinazokutana. Laza kipande kimoja kikivuka, ng'oa mataruma mawili ya plastiki kila upande, zamisha skrubu za shaba chini ya reli hadi vichwa viguse, lehemu reli juu ya skrubu, ndipo ukate kwa kisahani chembamba. Reli zinabaki zimelengana kwa sababu zilikuwa kitu kimoja.

Umeme ndio unaostahili subira. SL-E ni zile pointi ambazo kipande cha katikati, pale reli mbili zinapokutana kama herufi V, ni cha chuma na kina umeme. Kuna aina nyingine yenye plastiki hapo. Kwa kichwa kifupi kinachoenda polepole, kama cha kushanti, chuma ni bora, kwani magurudumu hayakosi umeme hata kidogo. Ila kile kipande kinabadili upande wa umeme kila pointi inapogeuzwa. Ukiwa umeipa kila njia waya wake, na hukuweka viungio vya reli vya plastiki visivyopitisha umeme (SL-11) kwenye reli mbili za ndani zinazotoka kwenye V, ukigeuza pointi tu umeme unapiga shoti. Hesabu viungio viwili kwa kila pointi, jumla vinne.

Unaweza kuponea kwa waya mbili tu za kwenye njia ya kuvutia, bila plastiki yoyote, na uwanja utafanya kazi siku ya kwanza. Tatizo linakuja baadaye. Umeme wa njia zote tatu unategemea ulimi kugusa reli ya pembeni, na pale panaposhika vumbi, rangi au gundi ya kokoto, kichwa kinasimama kama kimekata tamaa. Afadhali uweke swichi ya kutelezesha pembeni ya ubao kwa kila pointi, waya mgumu uliofungwa kwenye swichi usukume ndimi, na miguu ya swichi hiyohiyo ipeleke umeme kwenye V. Swichi ya bei ndogo, kazi mbili. Matundu ya waya kwenye mbavu yana mm 12, membamba kwa plagi ya kuunganisha moduli. Yapanue kwa drili kabla ya kupaka vanishi.

Ukimwaga kokoto, gundi nyeupe na maji nusu kwa nusu, tone la sabuni ya vyombo, na usifike kwenye ndimi. Hapo paka rangi tu.

Kwa wanaotaka treni za kwetu: reli ya SGR ina mm 1,435, ukigawa kwa 87 unapata 16.5 hivi, kwa hiyo kila kilichosemwa hapa kinakaa. Reli ya kati ya zamani na ile ya Mombasa–Kampala ni za mita moja, TAZARA mm 1,067. Ukigawa kwa 87, vipimo hivyo viwili vinaangukia kati ya mm 11.5 na 12.3, na reli ya kuzifaa treni hizo ni ya HOm, mm 12. Pointi zake zina vipimo vingine, rudia hesabu yote kabla ya kuagiza mbao.

Uzito wa mabehewa usiupuuze, maana kushanti ni kusukuma zaidi ya kuvuta, na behewa jepesi likisukumwa kwenye pointi linaruka. Kanuni ya NMRA, chama cha Marekani cha treni za mfano, kwa HO ni gramu 28 za kuanzia na gramu 14 kwa kila inchi ya urefu. Behewa la futi 40 linatoka kwenye gramu 105 hivi. Mengi ya plastiki hayafiki. Gundisha nati za chuma sakafuni, katikati ya magurudumu, zisikae upande mmoja.

Viungio vya mabehewa vya Kadee No. 5 vipimwe kimo chake kwa kipimo chao cha No. 205. Kikiinama nusu milimita kinaachia njiani. Sumaku za kufungulia zinafanya kazi, lakini zinavuta pia ekseli za chuma, na behewa lililosimama karibu linajongea lenyewe. Kwenye uwanja huu nimezitoa zote. Kijiti cha mshikaki kilichochongwa ncha, kikiingizwa kati ya viungio viwili na kuzungushwa kidogo, kinafungua popote unapotaka, mradi kichwa kirudi nyuma kidogo kwanza ili viungio vilegee.