Gaa madoa au gaa wa Florida? Mwangalie koo

Wadau, karibuni tena. Feni nimezima ili msisikie kelele, na Dar hii mnaijua, kwa hiyo mkiona jasho linanitiririka, mjue nateseka kwa ajili yenu.

Leo tunamchambua samaki anayeitwa gaa. Si gari, gaa. Kila nikimtaja kuna mtu anauliza ni la mwaka gani. Wengine wakimwona tangini wanasema, aah, chuchunge huyo. Hapana. Chuchunge wa pale soko la samaki la Feri taya lake refu ni la chini tu. Huyu taya zote mbili ndefu, meno kama sindano, na magamba magumu yamepangana kama vigae. Kwao ni Amerika ya Kaskazini na ya Kati, na Kuba. Spishi zake zilizo hai ni 7.

Hawa wawili nilinunua pamoja, nikaambiwa wote ni wa Florida. Walikuwa wembamba, urefu wa kalamu, kila mmoja na mstari mweusi ubavuni. Nikaamini. Leo wana urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole, na mmoja si wa Florida hata kidogo.

Nimejuaje? Madoa yasahauni. Gaa madoa, Lepisosteus oculatus, na gaa wa Florida, Lepisosteus platyrhincus, wote wana madoa mpaka kichwani. Hapo ndipo watu wanapobishana bure. Mwangalie chini. Ngoja nimsogeze... mnaona? Nimemweka kwenye boksi la plastiki linaloonyesha, namulika na tochi ya simu kutokea chini. Hapa kooni, katikati ya mashavu mawili, pale matamvua ya kulia na kushoto yanapokaribiana. Huyu ana vibamba vya mfupa, vigumu, vinang'aa kidogo. Huyo ni gaa madoa. Sasa mwenzake, palepale: ngozi tupu, laini. Huyo ndiye wa Florida. Walipokuwa kama kalamu nilitoa macho weee, sikuona kitu. Na kwao, kaskazini mwa Florida, hawa wawili huzaliana, kwa hiyo ukikutana na chotara usinilaumu.

Niliumia? Kidogo tu, kwa sababu ya kudanganywa. Kitangini hawa ni walewale: chakula kilekile, na ukubwa hawapishani sana. Nipe yeyote kati yao, nachukua.

Anayeniogopesha ni gaa mamba, Atractosteus spatula. Na cha kuchekesha, huyu ndiye rahisi kumtambua. Akiwa mdogo, mtazame kwa juu: mstari mweupe-mweupe unaanzia ncha ya mdomo, unapita mgongoni hadi mkiani. Mdomo wake mfupi na mpana. Akikua, taya la juu lina safu mbili za meno kila upande. Mwezi uliopita niliona mmoja kwenye beseni dukani, mstari huo hapo mgongoni, muuzaji anamwita Florida. Mwaka 2011, Mississippi, alinaswa mmoja kwenye wavu: kilo 148, urefu zaidi ya mita 2.5. Utamweka wapi huyo, sebuleni Sinza? Na usiniambie ukichoka utamwachia Mto Msimbazi. Hapo tutagombana.

Sifa ninayompa gaa bila kinyongo ni hii: umeme ukikatika usiku, pampu ya hewa ikizima, yeye anapanda juu, anameza hewa, anashuka. Kibofu chake cha hewa kinafanya kazi kama pafu. Samaki wengine wangu niliwahi kuwakuta wanaelea asubuhi, yeye ananitazama tu. Ila acheni nafasi kati ya maji na kifuniko, na kifuniko kiwe kizito, anaruka. Tangi pia liwe pana. Mwili wake hauna mkunjo, likiwa jembamba hawezi hata kugeuka.

Na wageni wangu wote swali la kwanza ni moja: analiwa? Nyama yake Wamarekani wanakula. Mayai yake ni sumu, usiguse.

Kama unaye nyumbani na humjui ni nani, nitumie picha. Ya koo, tafadhali. Wiki iliyopita nilipokea picha kumi na mbili, zote za madoa.