Huduma ya manesi wa nyumbani, nyota 4
Bibi yetu ana miaka 78, aliteleza bafuni akavunjika nyonga, hospitali wakamfanyia operesheni wakamruhusu na dawa za maumivu tu, mifupa yenyewe hakuna aliyeigusia. Nesi wa hawa jamaa siku ya kwanza tu kauliza, mbona hana dawa ya mifupa? Akampigia daktari, sasa bibi anameza alendroneti 70 mg mara moja kwa wiki, asubuhi tumbo tupu na glasi nzima ya maji, halafu anakaa wima nusu saa maana akilala inaunguza njia ya chakula. Hata mkeka wa koridoni katuambia tutoe asijikwae. Ila wanabadilisha badilisha manesi jamani, mwingine kampa kidonge na uji wa maziwa!! Hapo dawa haiingii mwilini kabisa.