Nzige wa boksi: weusi sio kuoza jamani

Nimesoma riviu za hili duka la onlaini linalouza nzige hai wa kulishia mijusi ya kufuga, nikacheka peke yangu. Mtu huku Uingereza anaagiza, parseli inafika, anafungua anakuta tunutu (nzige wachanga wasio na mabawa) weusi wenye mabaka ya njano basi haraka haraka nyota moja, "wameoza, nimepigwa". Mbona wanaruka sasa kama wameoza?

Hiyo ndo rangi ya nzige wa jangwani aliyelelewa kwenye msongamano. Akikua peke yake anakuwa kijani au rangi ya majani makavu, lakini wakibanwa pamoja, wanagusana na kunusana mchana kutwa, ubongo unamwaga homoni inaitwa korazonini na wakijivua ngozi, ile mpya inatoka na weusi. Hiyo homoni iligunduliwa 1989 kwa mende, kule kazi yake ni kuongeza mapigo ya moyo, halafu 1999 ndo ikajulikana kwamba kwa nzige inatia weusi. Wanasayansi waliipima kwa nzige weupe pee wa Okinawa, Japani, ambao hawana korazonini mwilini, wakichomwa sindano yake wanapata rangi.

Mimi mbishi, nikamtenga mmoja kwenye chupa na majani mabichi. Kujivua kwa kwanza weusi ukapauka, mabaka yakabaki kidogo tu, baadaye akawa kijani kabisa hadi miguu, wenzake kwenye boksi bado weusi tii. Ukijani nao una homoni yake, ile ya utoto, inatengenezwa kwenye vitezi vidogo nyuma ya ubongo. Cha ajabu hiyo hiyo ya utoto nzige wa kundi akishapata mabawa na kukomaa ndo inamfanya awe wa njano, hasa madume. Mnaokumbuka 2020 Kenya, wale wa pinki kwenye video walikuwa bado hawajakomaa, wa njano ndo wa kutaga mayai.

Sasa duka lenyewe. Parseli inafika kwa wakati, saizi ni ile uliyoagiza, na mjusi wangu hajali rangi, anakamata tu. Lawama yangu ni picha ya tangazo, wameweka nzige wa kijani anang'aa juu ya jani wakati wanajua wanawafuga kwa mamia kwenye kreti moja, hapo kastama lazima aone katapeliwa. Na mfuniko una vitobo vichache mno, ndani kunatota, wawili watatu kila boksi wanafika wamekufa na harufu juu, hao kweli wameoza.

Nyota nne. Ukiagiza saizi kubwa walishe upesi, wakiota mabawa utawakimbiza mpaka kwenye mapazia.