Daftari au programu ya simu? Mifumo mitatu ya orodha ya kazi za kila siku

Kigezo ninachokitumia kupima mfumo wowote wa kupanga kazi za siku ni kimoja: mfumo huo unaishughulikiaje kazi ambayo siku imekwisha nayo haijafanyika? Kuandika orodha asubuhi hakumshindi mtu. Ugumu huanza jioni, pale viporo vinapobaki na mwenyewe anapaswa kuamua kama vihamie kesho, visogezwe mbele zaidi au vifutwe kabisa. Kwa kigezo hicho nimezitumia programu mbili zinazojulikana sana, Todoist na Microsoft To Do, pamoja na mfumo wa kuandika kwa mkono uitwao Bullet Journal, na huu wa mwisho ndio nilioubakiza, ingawa si kwa kila kitu.

Katika Todoist, kuingiza kazi ni jambo jepesi mno: unaandika kazi pamoja na siku yake, nayo programu inaitambua tarehe na kuipanga yenyewe, hata ikiwa ni shughuli ya kurudiwa kila Jumatatu. Wepesi huohuo ndio unaoniudhi jioni. Kazi zilizopitwa na tarehe hukusanywa juu ya orodha ya leo, na hapo pana kitufe cha kuzipangia zote tarehe mpya kwa pamoja. Ukikibonyeza na kuchagua kesho, orodha inatakata bila wewe kuisoma hata kazi moja. Kiporo kinaweza kusukumwa hivyo wiki baada ya wiki. Microsoft To Do ina utaratibu wa busara zaidi, kwani ukurasa wake wa siku hufutika kila usiku, kazi zisizokamilika zikabaki katika orodha zake za asili, na asubuhi programu hukupendekezea za jana uchague mwenyewe. Asiyefungua mapendekezo hayo, hata hivyo, atazisahau kimyakimya.

Bullet Journal, uliotangazwa mwaka 2013 na mbunifu Ryder Carroll, hauhitaji zaidi ya daftari na kalamu. Kila kazi hutanguliwa na nukta, tukio huwekewa duara dogo, na dokezo huwekewa kistari. Kazi ikikamilika, nukta hugeuzwa kuwa alama ya X. Ikihamishwa, huwa mshale wa kuelekea kulia. Ikipelekwa kwenye ukurasa wa miezi ijayo, mshale huelekea kushoto. Na isiyo na maana tena hukatwa kwa mstari. Mwezi unapokwisha, viporo hupitiwa kimoja kimoja, na vile tu vinavyostahili kuendelea huandikwa upya kwa mkono. Uchovu wa mkono ndio kichujio chenyewe: ninapojikuta ninaandika kwa mara ya tatu “panga kabati la nyaraka”, ama ninalipanga siku hiyohiyo ama ninaikata kazi hiyo, na mara nyingi ninaikata.

Sizungumzii madaftari yaliyorembwa kwa rangi na michoro ambayo picha zake zimejaa mitandaoni. Alama za Carroll zilikusudiwa kuandikwa haraka, na anayetumia nusu saa kuremba ukurasa wa Jumanne amejiongezea kazi nyingine kwenye orodha.

Upungufu wa daftari ni wa wazi: halilii kengele, kazi za kurudiwa huandikwa upya kila mara, na likipotea hakuna nakala. Lakini programu nayo haina uhakika wa kudumu, kwa maana Wunderlist, iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2015, ilifungwa Mei 2020, na waliokuwa wakiitumia wakalazimika kuhama. Mbinu ya Pomodoro ya Francesco Cirillo, yenye vipindi vya dakika 25, sikuishindanisha kwa sababu inasimamia muda wa kukaa kwenye kazi moja, si orodha yenyewe.

Anayegawana majukumu na wenzake achukue Todoist, kwa kuwa daftari moja haliwezi kuwa mikononi mwa watu watano. Anayepanga kazi zake mwenyewe aanze na daftari lolote la kawaida, aandike namba za kurasa na kuziacha chache za mwanzo kwa ajili ya faharasa, kabla ya kugharimia lile maalumu lenye kurasa za nukta. Miadi yenye saa kamili na malipo yenye tarehe ya mwisho aiachie kalenda ya simu.