Agujjim ya Masan: tamu sana, lakini mlangoni nilifukuzwa

Nina hasira na mkahawa mmoja tangu baridi ilipokuwa inaisha, na naona nisipoiandika haitanitoka. Jina lake silitaji. Uko Masan, kule kusini mwa Korea, kwenye mtaa wa agujjim, samaki wa kupikwa kwa pilipili, pale Odong-dong, ambako wanaopika chakula hicho wamepangana mlango kwa mlango.

Kwanza mjue kwa nini nilifunga safari. Mimi ni Mwislamu, nasoma Busan. Vyakula vya Kikorea ambavyo wengi nyumbani wanavijua kwa tamthilia, zile zinazotiwa sauti za Kiswahili, kwangu vinakwisha upesi. Nyama ya kuchoma katikati ya meza mara nyingi ni nguruwe. Gukbap inayosifiwa Busan nzima ni supu ya nguruwe. Bibimbap, ule wali wa kuchanganywa na mboga, nimeila mpaka nimeikinai. Basi nikageukia vitu vya baharini, mitoni na mashambani, na huko nimekuta vyakula ambavyo sijui kwa nini havisemwi. Kuna jaecheopguk, supu nyeupenyeupe ya kome wa mtoni wadogo kuliko ukucha, ya kunywa asubuhi. Kuna kongguksu ya wakati wa joto, tambi ndani ya maji mazito ya soya iliyosagwa, baridi kabisa, unatia chumvi mwenyewe (watu wa eneo la Jeolla hutia sukari, na hapo mimi nao tunaachana). Kuna chueotang, samaki wa matopeni aliyepondwa mpaka humwoni tena, juu yake unanyunyiza unga wa jepi unaotia ulimi ganzi. Vyote hivyo vinakuja kwa bakuli la mtu mmoja. Unakaa, unakula, unalipa, unaondoka na heshima yako.

Agujjim ni ya sinia. Samaki mwenyewe ana kichwa kikubwa kuliko mwili na mdomo uliojaa meno, na zamani wavuvi walikuwa wakimtupa akiingia wavuni. Masan ndiko alikopewa thamani. Wanamkausha kwa upepo wa baridi, wanamloweka, kisha wanampika na machipukizi manene ya soya, majani ya minari, pilipili nyekundu na doenjang, ile soya iliyovundikwa. Sehemu nyingi za Korea utapewa asiyekaushwa. Mimi nilimtaka mkavu. Nimezaliwa Tanga, nimelelewa kwa ng'onda, utamu wa samaki mkavu siuulizi kwa mtu.

Nikapanda basi pale Sasang, Busan, safari isiyofika hata saa moja. Nimefika mchana, meza tupu nimeziona kwa macho yangu. Sijavuka hata kizingiti, mama mwenye mkahawa akakunja mikono yake miwili kifuani, mmoja ukakata mwingine, ishara yao ya kukataa, kisha akainua kidole kimoja na kutikisa kichwa. Mtu mmoja hauziwi. Nikamwambia kwa Kikorea, kwa adabu zote, "Imo," yaani mama mdogo, ndivyo wanavyoitwa akina mama wa mikahawa, "nitalipa ya watu wawili." Nilitamka vizuri, nina hakika, maana alinielewa. Akamgeukia mwenzake, wakacheka. Halafu akaninyooshea kidole ng'ambo ya barabara: "Bibimbap." Na akajipepea mdomo kwa kiganja, kunionya kwamba chakula chake kina pilipili.

Nilisimama pale nje nikitetemeka, na haikuwa baridi.

Najua hoja yao. Sinia dogo kabisa limepimwa watu wawili au watatu, vitoweleo vya pembeni vinaandaliwa vilevile awe mteja mmoja au wanne, na meza ikikaliwa na mtu mmoja wanahesabu hasara. Sawa. Lakini nimesema nalipa yote! Hapo hasara iko wapi? Kilichoniuma ni kile kidole. Mtu hajaniuliza natoka wapi, nimekula nini maishani, ameshaamua kwamba chakula cha mgeni ni bibimbap. Kwetu mama ntilie akikuona umekuja peke yako anamsogeza mteja mwingine ili upate pa kukaa. Siku ile ningeulizwa ningetoa nyota moja, tena kwa shingo upande.

Baadaye rafiki yangu wa maabara, Mkorea, akanisikia nikilalamika akasema twende palepale. Nikakataa. Akang'ang'ania. Tukaenda. Mama yuleyule, aproni ileile nyekundu, akatukaribisha kana kwamba hajawahi kuniona.

Chakula kikaja, na mimi nilitaka kisiwe kizuri. Kikawa kizuri kupita kiasi. Machipukizi bado yanakatika kwa mlio chini ya jino, mchuzi mzito umeshika kila shina, samaki mgumu kidogo, wa kutafuna polepole, na kadiri unavyotafuna ndivyo utamu unavyotoka. Ndani yake mna mideodeok, vitu vidogo vya baharini vyenye ngozi ya kikahawia. Nikatia kimoja mdomoni, na kabla sijauma yule mama akaja mbiombio kutoka jikoni akinionyesha kwa vidole: toboa kwanza, polepole. Ndani yake kuna maji ya moto yanayochoma ulimi ukiuma kwa pupa. Akasimama mpaka nimemeza. Halafu akachukua vijiti, akachagua kipande cha ngozi ya samaki, kile laini kilichojificha chini, akakiweka juu ya wali wangu. Mama mtu mzima, amenichagulia kipande. Mwishoni akakaanga wali kwenye mchuzi uliobaki, kwa mafuta ya ufuta na mwani mkavu, na hakuuhesabu kwenye bili.

Nikasema basi, yameisha, nyota tano.

Tunalipa, akamwambia rafiki yangu, si mimi: "Huyu anakula vizuri." Mimi nimesimama palepale, nasikia Kikorea, na yeye alijua nasikia kwa sababu siku ile alinicheka nikikizungumza. Damu ikachemka upya. Kwa hiyo chakula nakipa tano na mapokezi sifuri, na sitaki kuvijumlisha.

Ukienda, nenda na mwenzio. Taja kabisa geon-agu, yaani yule mkavu, kabla hujakaa, maana wanao pia wasiokaushwa na ndio watakaokuletea usiposema. Mimi nitarudi peke yangu, mchana ukishapita na wateja wamepungua, niagize sinia dogo, nilipe bei yake kamili. Akikunja tena mikono kifuani, jina la mkahawa nitalitaja.