Fort Jesus kwa waendesha michezo ya mezani

Vitabu vingi vya mazingira ya kampeni, yaani hadithi ndefu ambayo wachezaji huigiza wahusika wake mezani kwa kurusha dadu, vitakupa misitu yenye barafu na makasri ya wafalme wenye ndevu nyekundu. Kikundi changu ni cha Mombasa na tunacheza mwaka 1697, kwa hiyo kitabu changu ni makumbusho ya Fort Jesus. Naipa 18 kwenye dadu ya pande 20.

Anza na kuta. Cairati, Mwitaliano aliyewatumikia Wareno, aliichora ngome hii, ujenzi ukaanza 1593 juu ya mwamba wa matumbawe. Panda buruji mojawapo, ile sehemu ya ngome inayochomoza kwenye kona, ujiulize lile swali la kila mchezaji: nikisimama hapa, nampata nani? Pembe zimekaa namna ambayo walinzi wa buruji hii wanauona ukuta wa buruji ile. Baada ya hapo huwezi tena kumdanganya mtu mezani kuhusu nani anaonekana na nani hayuko salama.

Vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama karibu na ngome 1697, vitakujazia orodha ya mizigo bila kuota chochote.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye mzingiro. Waomani walifika Machi 1696, na ngome ikaanguka Desemba 1698. Katikati, maradhi yaliwafyeka Wareno hadi uongozi ukabaki kwa Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake na Waafrika wachache, wengi wao wanawake. Hebu fikiria! Wahusika wangu ni binamu zake wawili, mpiga bunduki asiyelipwa, na mama mmoja anayeshika ufunguo wa maji. Wachezaji waliuliza mara moja: Mswahili anamlindia nini Mreno? Jibu liko kisiwani Pate: mji wa Pate uliwaunga mkono Waomani, na Faza, jirani yake wa kisiwa hichohicho, alikuwa hasimu wake wa siku nyingi. Hapo una pande nne, na hakuna hata mmoja wa kuchorwa pembe za shetani.

Alama mbili nilizozuia ni za maisha ya mtaani. Ngome ni habari za askari. Nani anauza nini na nani anamposa nani utayaokota Mji wa Kale, hatua chache tu kutoka langoni.

Nenda asubuhi kabla jua halijakaza, ukubaliane bei na mwongozaji kabla hamjaanza kutembea. Na beba karatasi za miraba za kuchorea ramani ya mezani, si daftari la mistari.